Mama Amekataa Komunyo

Dutwa, 12 Novemba 2023

Mpendwa Padri Januarius,

Tumsifu Yesu Kristo, na mwangaluka, salamu nyingi za huku nyumbani. Sisi wazima kwa sehemu. Sehemu isiyo nzima nitaifikia. Mvua mwaka huu imekuja kwa fujo. Mahindi ya bondeni yamesombwa, na shemeji yako Nyanda kila asubuhi anakwenda kuikagua mbuga yetu ya udongo mweusi kama imekauka apande pamba, kisha anarudi na tope hadi magotini, amenuna kana kwamba mvua nimeileta mimi. Mpwa wako Joyness amemaliza darasa la saba. Juma lililopita alitaka kuwa nesi, wiki hii anataka kuwa sista.

Sasa Mama. Miguu imevimba, na hospitali Bariadi walisema moyo umetanuka. Vidonge anakunywa nikimsimamia. Lakini si hilo lililonifanya nishike kalamu.

Unakumbuka tulivyokuwa tukifanya. Baada ya rozari nakupigia, naweka sauti kubwa, simu nailaza juu ya kigoda, na Mama anapiga magoti mbele ya kigoda kupokea baraka yako. Hata mimi binti yake nilimcheka. Ile jioni ya Oktoba hukutoa baraka. Ulimwambia tu, "Ulale salama, Mama," ukakata. Mama alibaki pale chini, mikono ameifumbata. Nikamwambia ni mtandao. Tangu siku hiyo simu zangu hupokei.

Jumapili iliyofuata hakupanga mstari wa komunyo. Nikadhani ni miguu. Padri Athanasi, paroko wetu mpya, kijana mpole wa Bukundi, akashuka mpaka kwenye benchi lake, akamwinulia hostia. Mama akaziba mdomo kwa kiganja, mbele ya kanisa zima. Amefanya hivyo kila Jumapili hadi leo. Katekista Paschal anasema mama wa padri ana maringo, hataki komunyo isipokuwa ya mkono wa mwanawe. Nimemuuliza Mama kama ni kweli, anaendelea na rozari yake.

Nami nafikiri ndivyo. Basi njoo Krismasi, soma misa hapa nyumbani, mlishe, yaishe. Wewe unajua kuliko mimi maana ya mgonjwa wa namna hii kukaa bila kupokea. Na mgonjwa mwenyewe hana miezi mingi, nakuambia wazi.

Barua nampa Luhaga, binamu yetu, anayeleta huko lori la mashudu. Ataiacha getini pa ile shule uliyosema iko jirani na chuo unachosomea.

Dada yako,
Mektilda


Iringa, 8 Desemba 2023

Dada Mektilda,

Natumaini mnaendelea vizuri. Huku ni baridi, nimenunua sweta la pili. Mpe Joyness hongera, na mwambie shemeji pamba itakubali tu, mwaka bado mrefu. Barua yako nilipewa na mlinzi. Nasikitika Luhaga alikuwa ameshaondoka, nilikuwa katikati ya kipindi.

Krismasi sitaweza kuja. Kazi ni nyingi kuliko nilivyotarajia, na ruhusa ni ngumu. Simu yangu nayo ina matatizo, ndiyo maana naandika.

Kuhusu Mama, tafadhali mweleze taratibu. Hostia aliyoigeuza Padri Athanasi haina upungufu wowote. Kanisa linafundisha kwamba anayetenda katika misa ni Kristo mwenyewe. Padri hutoa sauti na mikono tu. Awe mtakatifu, awe mkosefu, awe mwana wa tumbo lake au mgeni kutoka Bukundi, mkate unageuka uleule na anayepokelewa ni yuleyule. Mwambie nimesema asisubiri mkono wangu.

Nimefunga shuka zito kwenye kifurushi, lake la usiku.

Wasalimie wote. Ni mimi,
Januarius


Dutwa, 7 Januari 2024

Mpendwa Padri, kama hilo bado ndilo jina,

Tumsifu Yesu Kristo. Heri ya mwaka mpya. Shuka limefika na Mama analipenda, anajifunika nalo hata mchana wa jua. Pamba imeota. Joyness amechaguliwa sekondari ya hapahapa kata, utawa umeahirishwa.

Krismasi ilipita. Nilimsomea Mama barua yako, ile sehemu ya Kristo na mikono. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Amefundisha vizuri." Kesho yake, Krismasi yenyewe, Padri Athanasi akaja nyumbani na komunyo ya wagonjwa. Nilikuwa nimetandika kitambaa cheupe, nimewasha mshumaa, Nyanda amevaa shati. Mama akaziba mdomo. Padri hakukasirika. Alikaa kwenye kigoda akazungumza naye mambo ya ng'ombe, kisha akaondoka na chombo chake kifuani. Nililia kwa aibu, nikamfokea mgonjwa, na Nyanda akanitoa nje.

Sasa nikuambie mengine. Ile safari ya kwanza Luhaga alimuulizia Padri Januarius getini. Mlinzi akamwambia, "Padri hatuna hapa. Tuna Mwalimu Januarius, wa historia." Akakuonyesha kwa kidole: umevaa tai, unatoka darasani na chaki. Luhaga hakukuita, aliogopa. Alikaa na siri hiyo mwezi mzima, akanitapikia juzi.

Nikairudia barua yako. Ulikuwa huachi kuandika, "Nawakumbuka altareni." Safari hii sikuliona neno hilo. Hukusaini Padri. Na yale mafundisho umeandika "Kanisa linafundisha". Zamani ungesema "tunasadiki".

Mimi sikusoma teolojia, nafua vitambaa vya altare tu. Lakini nakuuliza maswali mawili unijibu kama mtu aliyenyonya titi moja nami. Wewe bado ni padri? Na ile miaka yote uliyotuwekea hostia ulimini, mimi na Mama, ulikuwa unatupa nini?

Jambo la mwisho. Unakumbuka kile kitambaa cha kitani, ulichofungwa mikono ilipopakwa mafuta siku ya upadrisho, ukamkabidhi Mama azikwe nacho. Amemwagiza Joyness akitoe sandukuni. Sasa analala nacho chini ya mto. Mimi nashindwa hata kukiangalia.

Mektilda


Iringa, 11 Februari 2024

Dada Mektilda,

Nimeichelewesha hii kwa sababu nimeiandika mara nyingi na kuichana. Shikamoo, na shikamoo ya Mama. Hongera za Joyness.

Hakuna mwanamke. Naanza na hilo kwa kuwa najua ndilo litakalosemwa Dutwa.

Unajua parokia niliyokuwa nayo. Vigango vimetapakaa, barabara ni mchanga, padri ni mimi. Jumapili nilikuwa nasoma misa hapa, napanda pikipiki, nasoma pale, napanda tena. Maneno ya mageuzo yakawa yananitoka kama mtu anayehesabu ng'ombe wanaoingia zizini. Siku moja kwenye kigango cha mwisho niliinua hostia, watu wakainama, kengele ikalia, na mimi nikaona nimeshika mkate. Sikuona kingine. Mbele yangu kulikuwa na bibi mmoja analia machozi kwa furaha ya kukutana na Bwana wake, nami niliyemleta sikumwona huyo Bwana. Nilijiona tapeli.

Nilidhani ni uchovu. Nikaendelea hivyo mwaka mzima, dada. Kila nikisema "Mwili wa Kristo" nilikuwa natamani mtu asijibu "Amina". Mwisho nikamwendea askofu. Hakunifukuza. Aliniambia nikapumzike, niombe, nisifanye haraka. Misa nisisome mpaka tutakapozungumza tena. Nikapata kazi ya kufundisha huku. Chuo nilikitunga ili Mama asiumie.

Swali lako la pili ni jepesi. Mlichopokea kilikuwa kweli, chote. Nilikuwa na nia ya kufanya lifanyacho Kanisa, hiyo inatosha. Umaskini wangu haukuwapunguzia ninyi kitu. La kwanza ni gumu. Daraja la upadri halifutiki, kwa hiyo ni padri hata nikivaa tai. Ila padri asiyesoma misa, na hata kupokea hapokei. Jumapili nakaa benchi la nyuma, wenzangu wanakwenda mbele, mimi nabaki. Nitasema "Amina" kwa nini?

Usimsomee Mama barua hii.

Januarius


Dutwa, 3 Machi 2024

Mdogo wangu,

Leo nakuita hivyo, mengine tutayaona mbele.

Barua yako niliisomea shambani, nikaipasua, nikaifukia kwenye tuta. Nilikuwa na hasira nawe ya kukutosha mpaka Pasaka. Mtu anaacha familia nzima inaitwa "kwa mama wa padri", inakaa benchi la mbele, kumbe mwenyewe anafundisha vita vya Majimaji. Nimeisema, imetoka.

Niliporudi Mama alikuwa amekaa kitandani anatafuta hewa, siku hizi hawezi kulala chali. Aliniangalia usoni akauliza, "Amekwambia kuwa hapokei?"

Nikamuuliza, hapokei nini. Akasema, "Mektilda, mimi ndiye niliyemzaa."

Basi akanieleza, kwa vipande, maana pumzi ni fupi. Ile jioni ya simu alijua. Alisema mtoto aliyeshiba hana sauti ile. Usiku huo akakumbuka ule mwaka wa njaa tulipokuwa wadogo, alivyokuwa anatupakulia ugali na kutuambia yeye ameshakula jikoni. Nilimwamini miaka yote hii, na nafikiri nawe ulimwamini. Akasema hajawahi kutia tonge mdomoni kabla yetu. "Sasa nipange mstari nikale peke yangu, na ng'wana wangu kakaa na njaa huko?"

Unaona tulivyokosea wote, mimi, Paschal, na wewe na mafundisho yako. Hakuwa anasubiri mkono wako. Anasubiri mdomo wako.

Nilikwenda kumwita Padri Athanasi. Alimweleza kwa upole kwamba akipokea ndipo anapokuombea vizuri zaidi, kwamba meza hii si kama ya ugali, anayekula hampunguzii asiyekuwapo. Mama alimsikiliza, akamshukuru, "Wabeja, Padri. Hayo ni ya padri. Mimi ni mama." Padri alitoka nje akafuta miwani muda mrefu.

Kwa hiyo sikuombi uje kusoma misa. Sikuombi usadiki, hilo sijui linaombwaje. Njoo tu, mama yako anakufa na njaa kwa ajili yako. Naomba Luhaga asikwame njiani na barua hii.

Mektilda


Iringa, 16 Machi 2024

Dada,

Barua imenifikia leo, lori lilikwama siku kadhaa. Nimeisoma nimesimama mbele ya darasa, nikawaambia wanafunzi waendelee peke yao.

Nitapanda treni ya Mwanza kutokea Dodoma, nitashukia Malampaka. Barua hii nampa kondakta wa basi aiwahishe kama anaweza. Nikitangulia mimi, vizuri.

Sijui nikifika nitafanya nini. Mwambie tu nimeondoka.

J.


Dutwa, 14 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Tangu uondoke nyumba imekuwa kubwa. Joyness analala kwenye kitanda cha bibi yake, anasema shuka bado lina harufu yake. Nyanda anapalilia pamba na hanuni tena, jambo linalonitisha zaidi. Barua yako ya treni ililetwa jana na kondakta, ameiombea radhi kana kwamba ni mtoto aliyepotea.

Nakuandikia mambo uliyokuwapo mwenyewe, kwa sababu muda mwingi ulikuwa umeinamisha kichwa.

Ulipoingia siku ile, Mama alikuwa ameanza kutuacha. Padri Athanasi alikuwa Bukundi kwenye msiba wa kwao, na barabara ilikuwa tope tupu. Mama akakufungulia macho, akatupungia sisi wengine mkono tutoke. Nilitoka, ila pazia lile halifungi vizuri, unalijua. Nilimwona anapapasa chini ya mto. Akatoa kile kitambaa. Ulirudi nyuma, ukatikisa kichwa, ukasema, "Mama, sina ruhusa." Yeye alikushika kola akakuvuta mpaka chini, akakiweka shingoni mwako kama stola ya kitubio. Nikaona umekaa hivyo, umefumba macho. Halafu ukasogeza sikio mdomoni mwake, nami nikaondoka pale paziani, nikaenda kusimama kwa ng'ombe.

Padri Athanasi alipofika asubuhi, nilimuuliza kwa wasiwasi kama tumevunja sheria. Alisema mtu akiwa katika hatari ya kufa, Kanisa linampa ruhusa kila padri kumwondolea dhambi, hata aliyesimamishwa, hata aliyeacha. Kisha mkaenda wawili nyuma ya zizi. Nilikuona umepiga magoti mbele yake kwenye samadi na suruali yako ya kimwalimu. Sikuangalia tena.

Ndani, alimpaka Mama mafuta, akachukua hostia moja. Mama alikuwa hawezi kumeza, kwa hiyo akavunja chembe ndogo, akaiweka kijikoni na maji. Mama akafumba mdomo. Akakuangalia wewe. Padri Athanasi alielewa kabla yangu. Aliishika ile sehemu iliyobaki, akakugeukia, akasema, "Mwili wa Kristo."

Nilisikia mbuzi wa jirani, nikasikia Nyanda anameza mate. Nilikuchukia na kukuhurumia kwa pamoja. Kisha ukasema "Amina", kwa sauti ambayo hata mimi niliyekuwa karibu niliiokota kwa shida. Ulipokwisha kupokea ndipo Mama akafungua mdomo.

Hicho ndicho kilichokuwa chakula chake cha mwisho, kesho yake alikwenda. Wakati wa kumwandaa akina mama wa WAWATA wa kanisani waliniuliza kama kitambaa kiingie. Nilikutafuta kwa macho, ukageukia ukuta. Nikamfunga nacho mikononi mimi mwenyewe, bila kumuuliza mtu.

Sasa ombi langu. Mimi ndiye niliyemuogesha Mama, niliyembeba, niliyemfokea, Mungu anisamehe. Baada ya yale aliyokunong'oneza hakusema tena neno lililoeleweka. Maneno yake ya mwisho yote ulipewa wewe. Hayo mengine kubaki nayo ni haki yako, lakini kama alinitaja, niambie alisemaje. Kama alikuwa na kinyongo nami kwa ile siku ya Krismasi, niambie pia, nitavumilia. Silali vizuri kwa ajili hiyo.

Misa ya arobaini inakaribia. Padri Athanasi anauliza kama utasimama naye altareni au utakaa nasi. Nami nauliza, nikuite nani sasa.

Dada yako,
Mektilda


Iringa, 21 Aprili 2024

Dada yangu Mektilda,

Tumsifu Yesu Kristo.

Kwa yale uliyomfanyia Mama sina la kukulipa. Mwambie Joyness shuka lile ni lake sasa, na shemeji nitamletea mbegu za viazi vya huku, ajaribu hata kama mbuga itakataa.

Nitakaa nanyi kwenye benchi. Ruhusa ya altare iko kwa askofu, na nimemwandikia, lakini sijui nitamwambia nini tukionana. Nisikudanganye kwamba nimeamka siku moja na kila kitu kiko sawa. Ile "Amina" niliisema kwa sababu Mama alikuwa na njaa. Nilipokuwa nayo mdomoni sikuona nuru yoyote. Ila sikujiona tapeli, na Jumapili iliyofuata nilitoka benchi la nyuma nikapanga mstari. Nimepanga tena leo.

Sasa hilo unaloniomba. Nimekaa nalo tangu barua yako ifike. Najua hulali, na najua neno moja tu lingetosha. Jana niliandika mstari mmoja wa kukutuliza, nikauchoma, kwa maana hata kukutuliza kungekuwa kusema.

Siwezi kukuambia, dada. Si kile alichosema, si kama alikutaja, si kama hakukutaja. Aliyasema katika kitubio. Usiniulize tena, wala usinitegee nikiwa nimechoka, wala usimtume Nyanda. Nitakufa nayo.

Ningekuwa mwalimu tu, ningekwisha kukuambia. Kwa hiyo hilo ulilouliza mwishoni, nikuite nani, unalo jibu lake, nami nimelipata leo hii tu, nikiwa nimeshika kalamu na mkono umekataa kuandika.

Januarius